Mvuke wa Ziada kwenye Mirija: Hasara au Kinga?

Katika vinu vingi vya nyuklia, mvuke hufika kwenye turbaini ukiwa karibu kugeuka maji. Ukishapita turbaini ya shinikizo kubwa, unyevu wake huzidi asilimia 10. Matone hayo hula bapa za turbaini ya shinikizo dogo, na kanuni ya Baumann hukadiria kuwa kila asilimia 1 ya unyevu hupunguza ufanisi kwa takriban asilimia 1. Ndiyo sababu katikati huwekwa mtambo wa kutenga maji na kuupasha mvuke upya.

Ubishi ni kiasi gani cha mvuke kipitishwe ndani ya mirija ya kupashia, ambamo mvuke wa moto hupita huku mvuke unaopashwa ukipita nje yake. Mirija ya safu ya kwanza hukutana na mvuke baridi zaidi, kwa hiyo mvuke wa moto uliomo hugeuka maji upesi na kuvuta mwingine hata kutoka upande wa kutokea. Maji hunaswa katikati, hupoa, kisha hutoka kwa kishindo. Mrija hupoa na kupata moto tena na tena, mwisho hupinda au kiungo chake cha kulehemu hupasuka. Tiba inayojulikana ni kupitisha mvuke zaidi ya unaohitajika, ili ziada iyasukume maji nje.

Wabana matumizi wana hoja nzito: ziada hiyo ingezungusha turbaini. Hata ikipelekwa kupasha maji yanayorudi kugeuzwa mvuke, joto lake huokolewa lakini uwezo wake wa kufanya kazi umeshapungua. Mzigo ukiwa kamili, nakubaliana nao kwamba tundu dogo la kudumu la kupitishia ziada linatosha.

Hoja yao hulegea mzigo unaposhuka. Hapo vali ya mvuke wa kupashia hubanwa ili rota, yaani mhimili wa turbaini unaozunguka, isipate joto kwa ghafla, shinikizo ndani ya mirija huanguka, na nguvu ya kuyasukuma maji hupungua wakati ndiyo inayohitajika zaidi. Kwangu mimi, vali ya pili ya kupitishia ziada, inayofunguliwa mzigo ukiwa mdogo, inastahili gharama yake, kwani kuziba mirija iliyopasuka hupunguza eneo la kupashia moja kwa moja.

Hata hivyo, kuongeza mvuke hakuponyi bomba jembamba la kutolea maji. Kina cha tangi linalopokea maji ya mirija kikipanda na kushuka bila kutulia, mtetemo hurudi hadi kwenye mirija, na kina kikizidi mno turbaini hulazimika kuzimwa. Ningeanza kukagua hapo kabla ya kugusa vali yoyote ya mvuke.