Afande wa Ngeli

Mtu wa Tanga akikosa vyote hakosi Kiswahili. Ndicho kilichonivusha mpaka wa Mutukula. Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliamua Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima, shule za msingi na za sekondari, na shule za binafsi zikaanza kutafuta walimu kama watu wanavyotafuta kiberiti umeme ukikatika. Nikapata kazi shule moja upande wa Ntinda, jijini Kampala. Mshahara wenyewe tuuache.

Nilifikia kwa binamu yangu, Kansanga. Wiki ya kwanza shemeji alinipikia biriani. Ya pili tukala posho, ndivyo wanavyouita ugali huku, na maharage. Ya tatu akaniuliza, kwa upole kabisa, kama huko Ntinda hakuna nyumba. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Shemeji hakuwa na shamba wala jembe, akanipa namba ya dalali.

Dalali alikuwa kijana mwenye viatu vilivyochongoka na simu tatu. Kabla hata sijamwambia jina langu alidai elfu 20 ya kunionyesha nyumba. Nyumba uipende usiipende, elfu 20 imeondoka, na kesho mkitoka tena ni elfu 20 nyingine. Nikamwambia uwezo wangu ni laki mbili kwa mwezi. Alicheka mpaka akaegemea bodaboda ya watu.

"Laki mbili!" akasema, akinyoosha mkono kuelekea kilima cha Kololo. "Kule wanataja dola, ssebo. Hiyo laki mbili yako ni kama dola 55. Hata mbwa wa kule analala kwa zaidi ya hapo." Kisha akanihurumia. "Lakini nina muzigo mzuri sana Bwaise."

Nikamwambia mzigo ninao, begi moja tu, ninachotaka ni nyumba. Akanitazama kama anayejuta kuchukua elfu 20 kwa mtu mgonjwa. Ndipo nikajifunza kwamba Waganda wanaposema muzigo wanamaanisha chumba cha kupanga, vile vya mstari mmoja, mlango hapa, mlango pale, na bomba moja uani la kugombania.

Njiani nikamuuliza: "Nyumba yenyewe ni mpya?"

"Kale," akajibu.

"Basi sitaki ya kale."

"Kale," akasema, na bodaboda ikazidi mwendo.

Kwa Kiganda *kale* ni "sawa". Lakini tulipofika niligundua kwamba hata kwa Kiswahili hakunidanganya. Chumba kilikuwa cha kale kwelikweli, na ukutani kulikuwa na mstari wa kahawia, usawa wa goti langu, umezunguka pande zote nne. Nikauliza ni nini. Dalali akasema ni nakshi. Jirani mmoja, mama aliyekuwa anamenya matoke mlangoni, alicheka kimyakimya na kunionyesha kitanda chake: kila mguu umesimama juu ya matofali matatu. Bwaise mvua ikinyesha maji yanaingia bila hodi, na mstari ule ulikuwa alama waliyoiacha mara ya mwisho.

Nikaona bora nitafute mwenyewe. Nikawa naokota namba kwenye vibao na kuwapigia wenye nyumba kwa adabu zote za Pwani. "Shikamoo mama, samahani kwa usumbufu, naomba kuulizia chumba." Simu inakatwa. Nampigia mwingine, "Hujambo mzee wangu?" Inakatwa. Mzee mmoja wa Kisaasi nilimwendea mpaka getini. Niliposema tu "Hodi wenyewe," akafungua tundu dogo, akanitazama kwa jicho moja, akasema kodi zote za serikali ameshalipa na risiti anazo ndani. Kisha nikasikia komeo, halafu kufuli, halafu kitu kizito kikiburutwa.

Mwalimu mwenzangu, mama Mganda wa makamo, ndiye aliyenifumbua macho siku tunakunywa chai.

"Mwalimu, wewe unapiga simu kwa Kiswahili?"

"Nipige kwa nini tena?"

Akaweka kikombe chini. "Sisi Kiswahili hatukukisikia kwa kina bibi wakitusimulia hadithi. Tulikisikia kwenye vizuizi vya barabarani, wakati wa Amin, tukiambiwa tulale chini. Mwaka 1979 wakaja wanajeshi wenu kutukomboa, nao Kiswahili. Wezi wa usiku nao wakakichukua, ili wadhaniwe askari. Hapa anayesema Kiswahili haulizi, anaagiza. Sasa wewe unampigia bibi wa watu saa mbili usiku unasema 'Naomba chumba'!"

Nilijisikia vibaya. Shikamoo yangu nzuri ile, kumbe watu walikuwa wanaingia nayo chini ya kitanda. Akanishauri nitumie Kiingereza, niseme polepole, nicheke sana.

Nikafanya hivyo wiki nzima, nikicheka mpaka mashavu yakauma, hadi nikafika Banda, kando ya barabara ya Jinja. Mwenye nyumba alikuwa mama mnene, kakaa juu ya kigoda na daftari mapajani. Vyumba tisa, kimoja kitupu, laki mbili na nusu, unatanguliza miezi mitatu. Nilimbembeleza kwa Kiingereza changu cha kucheka ashushe kidogo. "Bambi," akasema, yaani "maskini", kwa sauti ya mtu asiyenihurumia hata chembe.

Nikageuka niondoke. Mguu ukaingia moja kwa moja kwenye dumu la maji la lita 20 lililoachwa katikati ya njia. Kidole gumba kiliwaka moto, na mtu akiumia kweli hatumii lugha ya kuazima.

"Nani kaacha dumu hapa?" nilinguruma. "Toeni! Toeni upesi!"

Uwanja mzima ukanyamaza. Redio ikazimwa. Kisha mlango wa namba 3 ukafunguka, akatoka dada mmoja na noti mkononi, akampa mama mwenye nyumba bila kunitazama. Namba 8 naye akatoka, kijana wa kukaanga chapati, mikono imejaa unga, akahesabu elfu kumikumi akitetemeka. Mimi nashika kidole nasubiri mtu aje aondoe dumu, wao wanalipa kodi! Ilinichukua siku nyingi kuelewa kwamba *upesi* wangu kwao uliishia kwenye *pesa*.

Mama alilamba kidole, akaandika kwenye daftari, kisha akanitazama kwa macho mapya.

"Ssebo," akasema, "kwako nitafanya laki na elfu 80."

Nilidhani ni heshima kwa walimu. Kwetu bado wapo wanaotuheshimu.

Nikahamia. Na kweli nilikaa kwa raha ambayo sijawahi kuiona. Asubuhi kwenye bomba, foleni ya madumu inapasuka katikati nipite. Watoto wakiniona wanasimama wima. Mama mwenye nyumba alianza kuniita Afande, kwa sauti kubwa, hasa tukiwa uani, nami nikachukulia ni utani wa mahali. Jambo moja tu lilinishangaza. Kila tarehe mosi jioni alikuwa anakuja chini ya dirisha langu na kuniuliza, "Leo hufundishi?"

Mimi nina tabia ya kuandaa somo kwa sauti. Nasimama na fimbo ya kuonyeshea ubaoni, naita ngeli huku nagonga meza. "KITI HIKI! VITI HIVI! KISU HIKI! VISU HIVI!" Nikifika kwenye ngeli ya U-ZI, "UKUTA! KUTA! UFUNGUO! FUNGUO!", nasikia milango inafunguka mmoja baada ya mwingine, na ndara zinaburuzwa kuelekea kwenye kigoda cha mama. Nikawa nawasifu moyoni. Wapangaji waaminifu, wanakumbuka tarehe.

Ukweli niliupata mwezi wa tatu, kutoka kwa mtoto wa namba 3. Aliniuliza kama visu vyote ninavyovihesabu usiku ni vya jeshi.

Sasa hapo ndipo mtu muungwana angetoka uani akasema, jamani, mimi ni mwalimu. Nililifikiria jambo hilo kwa dhati. Nikafikiria pia elfu 70 ninayookoa kila mwezi, na nauli ya teksi, ndivyo wanavyoziita daladala huku, na chapati ya mayai yangu ya kila asubuhi. Nikaamua kwamba mimi sijamwambia mtu yeyote kuwa ni askari. Nimeita ngeli tu. Kuita ngeli si kosa.

Namba 6 hakuona hivyo. Alikuwa fundi wa simu, mdaiwa wa miezi minne, na katika usiku mmoja wa KI-VI alilipa yote, nadhani kwa kuuza simu za wateja. Baada ya kulipa, uchungu ukampanda. Na kumbe alikuwa na shemeji yake kambi ya Mbuya, pua na mdomo na Banda, askari wa kweli.

Alikuja Jumapili alasiri. Nguo za kiraia, lakini buti lilikuwa lenyewe. Wapangaji wote walitoka na vigoda vyao kama wanaokuja kutazama mpira. Nami nilikuwa nimevaa msuli, naanika soksi.

"Jambo afande," akasema.

"Sijambo," nikajibu, sauti yangu ikitoka mahali pembamba.

"Wewe natoka kikosi gani?"

Nikanyamaza. Akasogea hatua moja. Jamaa alikuwa mrefu kiasi kwamba kamba ya nguo ilimfika kifuani.

"Hii watu yote nasema wewe nakamata pesa yao."

Nilijua kabisa la kufanya. Nipige magoti, niombe radhi, nionyeshe kitambulisho cha shule. Mdomo ukafungua. Na mdomo, miaka 11 ya kusahihisha madaftari, ukasema:

"*Watu hawa wote wanasema.*"

Uwanja ukawa kimya. Soksi ikadondosha tone.

"Nini?"

"Watu, ngeli ya A-WA," nikasema, huku akili ikinipigia kelele ninyamaze. "Hawa wote. Si *hii yote*. Na si *nakamata*. *Unakamata*. Nafsi ya pili."

Alinikodolea macho kwa muda ambao ningeweza kufua na kuanika mashuka. Kisha uso wake ukaanza kuvunjika kidogokidogo kuanzia kwenye masharubu.

"Wewe iko mwalimu!"

"*Ni* mwalimu," nikasema. Yaani hata hapo.

Alicheka mpaka akakaa juu ya dumu, lilelile. Akawageukia wenzangu, akawaambia kwa Kiganda, nami nikatafsiriwa baadaye na mtoto wa namba 3: miaka yote jeshini hajawahi kuona askari anayejua ngeli, na mtu anayemsahihisha mwenye buti bila bunduki ama ni mwalimu ama ni mwendawazimu.

Namba 6 hakucheka. Alisimama ameshika kichwa. "Nimelipa miezi minne," akasema polepole, "kwa sababu ya sarufi?"

Jioni ileile mama mwenye nyumba alikuja na daftari. Kuanzia mwezi ujao, laki mbili na nusu. Nikajitutumua. Nikamwambia kuna sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya mwaka 2022, kodi haipandi zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, kwa hiyo kwenye laki na elfu 80 anaweza kuongeza elfu 18, basi, tena nilitamka *asilimia* kwa mkazo wa zamani kidogo, nione kama bado una nguvu.

"Mwalimu," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo uani, "mimi sijapandisha kitu. Kodi ya hapa ni laki mbili na nusu tangu zamani. Elfu 70 ilikuwa mshahara wako wa uaskari. Nimekufukuza kazi."

Hakukaa bila askari hata wiki mbili. Namba 7 ilipobaki wazi, akampa yule bwana wa Mbuya, laki na elfu 80, naye akaleta godoro na buti jozi ya pili. Mama alirudi kwenye kigoda chake akiwa na amani. Sasa alikuwa na afande halisi.

Ila afande halisi alikuwa na shida yake. Anatamani kupelekwa kozi Tanzania, na anaogopa kuchekwa na wenzake kule. Akaniomba nimfundishe jioni, kwa siri, nami nikamtoza elfu 70 kwa mwezi, unajua mwenyewe kwa nini.

Tarehe mosi iliyofuata mama akatulia kwenye kigoda, daftari wazi, kalamu tayari. Saa moja usiku sauti ya askari wa kweli, kifua cha kweli, ikapasua uwanja mzima kutoka namba 7: "KISU HIKI! VISU HIVI! UKUTA! KUTA!"

Hakuna mlango uliofunguka. Redio ya namba 3 iliendelea kuimba. Namba 8 aliendelea kukaanga chapati zake. Mama akasubiri, akakohoa, akasubiri tena, mpaka namba 6 akachungulia dirishani na kumwambia kwa heshima zote:

"Nnyabo, bambi, wako darasani. Tusiwasumbue."