Je, saratani ni ugonjwa wa mjini? Hesabu za Tabora na Kigoma zinavyoweza kupotosha

Ni nadra msiba wa mtu aliyefariki kwa saratani mjini Tabora uishe bila mzee mmoja kusema kwamba zamani ugonjwa huu haukuwapo, na kwamba hata leo ukienda ndani kabisa, Sikonge au Uvinza, hutaukuta kama unavyoukuta kwa watu wa mjini wanaokula mafuta ya dukani, wanaokunywa soda na kushinda wamekaa. Wanaompinga, ambao wengi wao wamefanya kazi katika zahanati za vijijini, husema kwamba wagonjwa wapo tele, ila wanafia nyumbani bila ugonjwa wao kupewa jina. Pande zote mbili zina hoja. Lakini hoja hizo hazina uzito uleule kwa kila aina ya saratani, na hapo ndipo mjadala huu unapoharibika, kwa sababu tunazungumzia ugonjwa mmoja wakati kwa kweli ni magonjwa mengi, kila moja likiwa na visababishi vyake.

Wataalamu wanapotaja kiwango cha saratani humaanisha idadi ya wagonjwa wapya wanaogunduliwa kwa mwaka katika kila watu 100,000. Idadi ya watu tunayo: sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 3,391,679 mkoani Tabora na 2,470,967 mkoani Kigoma. Tatizo liko kwenye idadi ya wagonjwa. Ili mkulima wa Kaliua aingie katika hesabu hiyo, ni lazima kwanza aone kwamba uvimbe au damu inayomtoka si jambo la kungojea mavuno yaishe. Kisha mhudumu wa zahanati aingiwe na shaka badala ya kurudia dawa za maambukizi. Kisha nauli ipatikane hadi hospitali ya wilaya, na baadaye hadi Kitete, hospitali ya rufaa ya mkoa wa Tabora, au Maweni, ile ya Kigoma, kwa mtu wa huko. Hata akifika huko, kipande cha nyama kitakachokatwa kutoka kwenye uvimbe ni lazima kichunguzwe kwa hadubini na mtaalamu wa patholojia, na wataalamu hao nchini ni wachache na wamekusanyika zaidi katika hospitali kubwa kama Bugando ya Mwanza na Muhimbili ya Dar es Salaam. Kila hatua inapunguza watu. Anayeishia hatua ya pili hahesabiwi kuwa mgonjwa wa saratani, bali huhesabiwa kuwa mzima.

Lipo jambo jingine dogo ambalo nadhani lina madhara makubwa kuliko linavyoonekana, nalo ni anwani. Chukua mfano wa mama wa Kasulu anayeanza kutokwa na damu baada ya kukoma hedhi. Watoto wake wanashauriana, na yule aliyeolewa Dar es Salaam anasema mama aje kwake. Anakaa kwa mwanawe miezi miwili, anapelekwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, na karani anapouliza anaishi wapi, binti anajibu haraka: Temeke. Namba ya simu ni ya binti, mtaa ni wa binti. Mama huyu alipata ugonjwa wake Kasulu katika miaka mingi ya kuishi Kasulu, lakini katika daftari la kuhesabia wagonjwa wa saratani ameongeza mgonjwa mmoja wa mjini na kupunguza mmoja wa kijijini. Majibu ya namna hiyo yakijirudia mara nyingi yanaweza kuzaa tofauti kati ya mji na kijiji hata pale ambapo haikuwapo kabisa.

Hata hivyo, wale wanaodai kwamba tofauti yote ni ya vipimo tu wanakwenda mbali mno. Saratani ya matiti ndiyo inayowapinga vizuri zaidi. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2002, uliokusanya tafiti 47 kutoka nchi 30 na wanawake zaidi ya 50,000 wenye saratani hiyo, ulionyesha kwamba hatari hupungua kwa takriban asilimia 7 kwa kila mtoto mwanamke anayemzaa, na kwa asilimia 4.3 nyingine kwa kila miezi 12 ya kunyonyesha. Sasa linganisha maisha yetu. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2022 ulikuta mwanamke wa mjini Tanzania akizaa wastani wa watoto 3.6, na wa kijijini 5.5. Mama wa Buhigwe aliyeanza kuzaa mapema, akapata watoto sita na kumnyonyesha kila mmoja kwa mwaka na nusu au zaidi, ana kinga ambayo mwalimu wa Kigoma mjini mwenye watoto wawili hana. Kwa hiyo mzee wetu wa msibani hakukosea kabisa, ingawa sababu anazozitaja, yaani mafuta na soda, hazifiki mbali kwa ugonjwa huu kama uzazi unavyofika. Katika daftari la saratani la Kampala, ambalo ni miongoni mwa madaftari ya zamani zaidi barani Afrika na limehesabu wagonjwa tangu miaka ya 1950, saratani ya matiti imeonekana ikipanda kwa miongo mingi. Sehemu ya kupanda huko inaweza kuelezwa na ongezeko la vipimo. Mabadiliko ya uzazi hayawezi kuachwa nje ya maelezo hayo.

Lakini uzazi huohuo unaomkinga mama wa Buhigwe na saratani ya matiti unamsogeza karibu na saratani ya mlango wa kizazi, maana wingi wa mimba na kuanza kujamiiana mapema ni miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari yake, juu ya kirusi cha HPV ambacho ndicho kisababishi chake karibu mara zote. Na saratani hii si ndogo kwetu. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilikadiria kwamba mwaka 2020 Tanzania ilikuwa na wagonjwa wapya wa saratani takriban 40,000 wa aina zote, na takriban 10,000 kati yao walikuwa wanawake wenye saratani ya mlango wa kizazi. Hapa mji nao una mzigo wake: maambukizi ya VVU nchini ni mengi zaidi mijini kuliko vijijini, na mwanamke anayeishi na VVU ana hatari ya saratani hii inayokadiriwa kuwa mara sita ya asiye na virusi hivyo. Ukiniuliza upande upi unashinda kwa saratani hii, mji au kijiji, nitasema kwamba visababishi vinavuta huku na huku, na kwamba kinachoamua zaidi ni nani alipimwa kwa siki kabla ugonjwa haujakomaa. Kipimo hicho ni rahisi mno, kwani muuguzi aliyefunzwa hupaka siki nyepesi, husubiri dakika moja hivi, na sehemu yenye dalili hubadilika kuwa nyeupe. Kinaweza kufanyika katika kituo cha afya chochote chenye chumba chenye faragha na taa nzuri. Chanjo ya HPV nayo, iliyoanza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 na ambayo tangu 2024 hutolewa kwa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, inafika shuleni vijijini, jambo ambalo mashine za hospitali haziwezi.

Zipo pia saratani ambazo kwa asili yake ni za kijijini, na hizi husahaulika kabisa katika kauli kwamba saratani ni ya mjini. Ya kwanza ni ile ya watoto inayovimbisha taya, inayoitwa limfoma (saratani ya chembe za kinga za mwili) ya Burkitt kwa jina la Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyeieleza akiwa Kampala mwaka 1958. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walifunga safari ndefu ya gari kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali baada ya hospitali kama zinaona watoto wenye uvimbe huo, na ramani waliyoichora ilifuata maeneo ya joto na mvua na kuruka nyanda za juu za baridi. Baadaye ilieleweka kwamba ramani hiyo inafanana na ya malaria, kwa kuwa mtoto anayeugua malaria mara kwa mara hupungukiwa na uwezo wa kukidhibiti kirusi cha Epstein-Barr, kinachochangia saratani hii na ambacho karibu kila mtoto wa huku hukipata akiwa mdogo. Mikoa yetu iko ndani ya ramani hiyo. Utafiti wa malaria wa mwaka 2017 ulikuta Kigoma ikiongoza nchini, takriban asilimia 24 ya watoto wa chini ya miaka mitano wakiwa na vimelea, na ule wa 2022 ukaikuta Tabora ikiongoza kwa takriban asilimia 23. Malaria ni nyingi vijijini kuliko mijini, na saratani hii huifuata. Uvimbe wake hukua kwa kasi ya kutisha, meno ya mtoto hulegea, na mzazi huambiwa ni jino bovu. Kumbe ni miongoni mwa saratani zinazoitikia dawa vizuri kabisa zikiwahiwa.

Ya pili ni ya ini. Sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye karanga na mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu, huizidisha hatari mara nyingi kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina B. Nchini chanjo ya homa hiyo iliingizwa katika chanjo za watoto wachanga mwaka 2002, hivyo wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata. Karanga za Tabora huliwa mjini pia, ni kweli, lakini anayeuza huchagua zilizo nzuri apeleke sokoni, na zile zilizosinyaa hubaki nyumbani zikasagwa kwa ajili ya mboga. Ya tatu ni ya kibofu, inayotokana na kichocho cha mkojo, ugonjwa wa watu wanaoingia majini katika malambo na majaruba ya mpunga.

Tumbaku inahitaji kuzungumzwa peke yake, kwa sababu huku ndiyo fedha ya ada za shule na mabati. Watu hudhani kwamba mkoa unaolima tumbaku kwa wingi lazima uwe na saratani nyingi, na wengine hujibu kwamba mkulima haivuti, anaiuza tu. Hoja zote mbili ni za haraka. Anayechuma majani yenye umande hufyonza nikotini kupitia ngozi, akapata kichefuchefu na kizunguzungu, lakini nikotini yenyewe haimo katika orodha ya vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani. Vilivyothibitishwa ni moshi wa sigara na tumbaku ya kutafuna au kunusa. Kinachonisumbua zaidi ni bani, yaani jengo la kukaushia tumbaku kwa moto. Wakati wa kukausha, moto hauruhusiwi kuzimika usiku wala mchana kwa siku kadhaa, na anayeuchochea hulala kando yake, mara nyingi akiwa kijana wa familia. Ongeza moshi wa mafiga jikoni, ambao shirika la utafiti wa saratani limeuweka katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani kwa binadamu, na utaona kwamba mkulima asiyevuta sigara hata moja bado ana moshi mwingi wa kujibia.

Umri nao huvuruga ulinganisho, kwa kuwa saratani nyingi huja uzeeni. Vijana wengi hukimbilia mjini na wazee hubaki kijijini, wakati huohuo kijiji kikiwa na watoto wengi, na mlinganisho usiosahihishwa kwa umri, yaani usiozingatia kwamba idadi ya wazee na vijana si sawa, hauna maana.

Wanaotaka kujua hali inavyokuwa pale ambapo kuhesabu si tatizo kubwa wanaweza kutazama Marekani. Ripoti iliyotolewa huko mwaka 2017, iliyosahihishwa kwa umri, ilionyesha wagonjwa wapya 442 kwa kila watu 100,000 vijijini dhidi ya 457 katika maeneo ya miji, lakini vifo 180 vijijini dhidi ya 158. Yaani kijiji kilikuwa na wagonjwa wachache kidogo na maiti wengi zaidi. Ripoti hiyo haitufundishi chochote kuhusu visababishi vya Urambo, kwa maana kijiji cha Marekani si kijiji chetu. Inatufundisha kwamba kiwango cha wagonjwa wapya si kipimo cha mahitaji, hata pale hesabu inapoaminika.

Na hapo ndipo nadhani uamuzi wa fedha unapopotea. Wapo wanaosema huduma ziwekwe kunako wagonjwa wengi waliohesabiwa, yaani miji mikubwa, na hoja yao ina nguvu kwa upande wa tiba ya mionzi: mashine yake inataka umeme usiokatika, mafundi na wanafizikia wa tiba, na kuitawanya kila mkoa kungezaa majengo yenye mashine zilizolala. Bora mgonjwa wa Tabora aende Bugando, zaidi ya kilomita 300, kuliko kufika kwenye mashine mbovu iliyo jirani. Lakini hoja hiyo haihusu kupima kwa siki wala kukata kipande cha nyama. Kipande kikiwekwa kwenye formalini, dawa inayokizuia kuoza, kinasafiri kwa basi bila mgonjwa, na majibu yanarudi kwa simu. Kwa mtu wa Kigoma, ambaye Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, tofauti kati ya kusafiri kwa kipande na kusafiri kwa mgonjwa ni tofauti ya kuuza ng'ombe au kutouza.

Kuhusu daftari, ningependa karani wa hospitali kubwa aulize maswali mawili badala ya moja: mgonjwa alikuwa akiishi wapi dalili zilipoanza, na alikuwa ameishi hapo kwa miaka mingapi. Gharama yake ni safu moja ya ziada kwenye fomu. Kikwazo ninachokiona si cha karani bali cha mgonjwa, kwani aliyekuja bila barua ya rufaa anaweza kuhofu kwamba akitaja Kasulu ataambiwa arudi Kasulu akaanzie huko. Swali hilo basi liulizwe baada ya mgonjwa kupewa kitanda, na aelezwe wazi kwamba jibu lake halitabadili matibabu yake.