Koki Moja, Wodi Nne

Kubadili washa, kile kipete cha mpira kinachoziba maji ndani ya koki ya nusu inchi, ni kazi ya dakika kumi, na soga ndani yake: funga maji, fungua kichwa cha koki, toa washa iliyolika, weka mpya. Haya, kayasemee hayo kwenye hospitali ya serikali iliyojengwa enzi za babu, hapahapa Dodoma.

"Mbukwa, fundi. Kumekwama wapi?"

"Maji hayafungiki, mzee."

Yafungike vipi? Valvu ya wodi ni ya geti, bamba linalopanda na kushuka kwa gurudumu, na tangu iwekwe hakuna aliyeizungusha. Maji yetu ya visima yana chumvi. Chokaa imeganda kwenye kitako cha geti kama ukoko wa ugali. Fundi kajaribu kwa mkono, imegoma. Kaleta spana ya bomba. Mama mmoja kwenye benchi kashauri: "Ipake mafuta ya kupikia, mwanangu." Fundi kakaza meno, kakaza mkono, kah! Gurudumu limemfuata mkononi, kasimama nalo kama dereva aliyeng'oka na usukani. Mji huu uliamuliwa kuwa makao makuu mwaka 1973. Valvu ile nadhani ilizisikia habari ikiwa palepale ukutani.

Ikabidi kufunga kwenye tangi la nje. Wodi nne, ya wazazi ikiwemo, na maabara, zote kavu. Ndoo zikaanza maandamano. Kisa washa, ndogo kuliko kifungo cha koti!

Na maji yakirudi kwa kishindo, bomba la chuma linatapika kutu, kutu inakwama kwenye valvu za boya chooni. Koki imepona, vyoo vitatu vinaharisha. Ulitakiwa ufungue robo robo, koki ya mwisho ikiwa wazi itoe upepo na uchafu. Subira hiyo anayo nani?

Kila wodi iwekewe bol valvu yake, ile ya mpini inayofunga kwa robo mzunguko, na yuniani, kiungo cha kufunguliwa kwa spana, pande zote mbili ili ikifa ing'olewe bila kukata bomba, na kila miezi sita mtu aizungushe. Wapi! Julai bajeti ikifunguka, ni rangi. Rangi juu ya ukuta wenye unyevu! Chumvi inaisukuma kwa ndani, Desemba inabanduka kama gamba la nyoka. Jengo jipya nalo likatiwe utepe, bomba lake limeungwa kwenye lilelile la babu.

Magata, mifereji ya paa, nisiyaguse. Mvua ya milimita 20 juu ya paa la mita za mraba 300 ni lita 6,000, na mdomo wa gata wamepanga shomoro.

Halafu ile ndoo ya njano chini ya dari, ya nani? Mbona imeandikwa namba ya mali ya serikali?