Nyongeza

Mimi ni mtu wa nyongeza. Mama mboga wa kwetu South C anajua kwamba akinipimia nyanya za mia, siondoki mpaka arushie moja juu. Kwa hiyo siku niliyokwenda kununua tumbawe langu la kwanza, la kufuga kwenye tangi la maji ya chumvi nyumbani, muuzaji aliponionyesha kitu kidogo cha kahawia kimejibanza ubavuni mwa jiwe na kusema, "Hicho nakuachia bure," sikuuliza ni nini. Nilisema asante.

Tumbawe lenyewe ni la aina iitwayo vifungo: vinyama vya duara, vya kijani na rangi ya chungwa, vimebanana juu ya jiwe la ukubwa wa andazi. Shilingi 3,500. Nilirudi nalo kwa matatu, mfuko wa maji ya chumvi mapajani, na kila dereva alipofunga breki nilikuwa naukumbatia kama mtoto mchanga. Makanga akaniuliza kama samaki naye atalipa nauli.

Nilikuwa nimesoma, nataka hilo lieleweke. Nilijua kwamba tumbawe jipya halitumbukizwi tangini hivi hivi. Lakini nilifika saa tatu usiku, njaa inauma, na pilau ilikuwa inapoa. Nikauacha mfuko uelee dakika 20 ili joto lilingane, huo ukiwa ndio muda wa kula, kisha nikalitumbukiza.

Binti yangu wa miaka saba akakipa kile kitu jina: Pili, kwa sababu tumbawe ndilo lililokuwa la kwanza. Na Pili alipendeza jamani! Alikuwa kama mnazi wa sentimita moja, shina linapenya mwanga, kichwani makuti membamba yanapepea. Tulimlisha vipande vya kamba kwa kibanio. Akishapokea, makuti yote yanajikunja na tumbo linavimba. Wageni waliletwa kumwona. Mke wangu alimtazama mara moja tu, akasema, "Hiyo ni kwekwe," akarudi jikoni. Yeye amelelewa shambani, kwa hiyo sikumsikiliza.

Kufikia wiki ya tano Pili alikuwa na wenzake Tatu, Nne, Tano na Sita, na vifungo vyote vilivyopakana nao vilikuwa vimefungwa kama maduka ya mjini siku ya maandamano. Nilipoona makuti ya Nne yanakigusa kifungo na kifungo kinanywea, nikaelewa kwamba nafuga majambazi. Nikachukua mkasi.

Nilizima pampu, nikaingiza mkono mpaka kwapani, nikawakata wote watano vipande vipande. Binti alilia. Nikafuta mkono, nikafurahi, nikawasha pampu. Nirudie: maji yamejaa vipande vya nyama hai, nami nikawasha pampu.

Wiki mbili baadaye nilihesabu 31.

Nikampigia rafiki yangu mmoja wa Ruaka, mfugaji wa matumbawe wa siku nyingi. Alicheka mpaka nikamsikia akiiweka simu mezani. Aliporudi akanieleza kwamba hiyo ni anemone, mnyama wa baharini afananaye na ua, iitwayo aiptasia, na kwamba kipande kidogo tu cha nyama yake, hata kichembe cha mguu wake kilichoachwa jiweni, kinaota kikawa anemone nzima. "Ulipokata hukuua," akasema, "ulipanda."

Kisha akaanza kunihoji kama hakimu. Je, nililigeuza jiwe nikalimulika kwa tochi upande wa chini? Sikuligeuza. Nililing'oa kwenye kile kikalio, kijiwe ambacho tumbawe hubandikwa dukani, ambako wadudu hupenda kutaga? Kikalio gani? Nililiosha kwa dawa ya matumbawe kwenye ndoo ya pembeni, huku nikilipulizia maji kwa bomba mpaka wanyang'anyi wadondoke? Nilikuwa nakula pilau. Nililitenga wiki kadhaa kwenye tangi lake peke yake, maana dawa inaua minyoo bapa lakini mayai yake haiyawezi? Hapo nikanyamaza kabisa.

Nikamwambia basi nitalichemsha jiwe. Safari hii hakucheka. Alipiga kelele: vile vifungo vinaweza kuwa na palitoksini, sumu kali mno, na wapo watu waliochemsha mawe ya namna hiyo wakavuta mvuke wakaishia hospitali. "Wachome sindano mmoja mmoja," akasema. "Maji ya limau, au chokaa. Na wewe vaa glavu."

Nikaenda duka la dawa.

"Nataka sindano kumi za mililita moja."

"Za insulini?"

"Hapana."

"Za nini basi?"

Foleni nyuma yangu ikatulia. Nikafikiria kusema mbwa, lakini midomo yangu ikasema, "Za maua ya baharini."

Akazifunga polepole kwenye karatasi, akainama karibu. "Kaka, mimi sikuhukumu. Lakini kuna mahali watu wanasaidiwa."

Limau liliwaua wanne na kuwakasirisha wengine. Ukikosa shabaha, aiptasia anajivuta ndani ya tundu la jiwe kama aliyesikia mwenye nyumba anabisha, na hatoki mpaka kesho.

Katikati ya vita hivyo shangazi akaja kutoka Mombasa kwa ajili ya kliniki ya macho. Akakaa mbele ya tangi na kisanduku chake cha tambuu, akatazama muda mrefu.

"Mwanangu, mawe haya wayanunua?"

"Ndiyo, shangazi."

"Kwa pesa?"

Sikujibu. Akanikumbusha kwamba nyumba aliyozaliwa, pale Mji wa Kale, imejengwa kwa mawe hayo hayo, na Fort Jesus vilevile, na hakuna mtu aliyewahi kuyapa chakula. Kisha akapaka chokaa kwenye jani, akaweka popoo, akakunja. Nikaiona ile chokaa. Nikamwomba.

Nikaikoroga na maji kidogo iwe nzito kama uji wa mtoto, nikavaa glavu, nikazima pampu. Aiptasia akinyunyiziwa mdomoni hudhani amelishwa. Anafumba makuti, anaimeza, na ndani ya dakika chache anabaki utelezi mweupe. Rafiki alikuwa amenionya niwe naua watano au sita tu kwa siku, maana chokaa hupandisha ualikali wa maji, yaani kinyume cha asidi. Mimi niliua 22 usiku mmoja, huku shangazi akinionyesha kwa bakora: "Yule! Yule nyuma yake!" Maji yakawa tui. Samaki wangu wawili wakapanda juu wakihema, na hapo hapo stima zikapotea. Nilibadilisha maji kwa mwanga wa simu mpaka saa nane, mke wangu akishika ndoo bila kusema neno lolote, na heri angesema.

Samaki walipona. Vifungo vilifunguka siku ya tatu. Shangazi akagundua kisanduku chake hakina chokaa, nikatumwa Majengo kumtafutia nyingine, na nikaambiwa nisirudi na ya kupaka nyumba.

Wiki iliyofuata nilikuwa nafagia chumba cha binti. Nyuma ya pazia, dirishani, kulikuwa na kikombe cha maji. Nikayaonja kwa kidole: chumvi. Ndani Pili alikuwa amefungua makuti yote, mnene, amepewa kipande cha chapati. Pembeni yake walikuwapo wengine watatu, wadogo sana.