Haraka ya kuua neva ya jino

Aliyekesha na jino hataki kusikia sifa za neva. Anataka iuawe, au jino ling'olewe, na hoja yake ina uzito. Kiini cha jino, ile nyama laini ya katikati, kimefungiwa ndani ya kuta ngumu. Bakteria wakikikaribia, neva humwaga kemikali kama CGRP. Mishipa ya damu hutanuka, majimaji huvuja, seli za kinga hujazana. Uvimbe hauna pa kutokea. Ndiyo maana neva imelaumiwa kwamba inakisonga kiini chenyewe.

Lakini vipimo vya shinikizo katika meno ya paka, vilivyochapishwa mwaka 1983, vilikuta shinikizo limepanda mahali penye uvimbe tu. Pembeni kidogo, kiini kilikuwa shwari.

Jaribio lililonibadilisha mimi ni la watafiti Margaret Byers na Taylor, la mwaka 1993. Walikata neva inayohudumia magego ya panya, kisha wakayatoboa magego hayo hadi kwenye kiini. Kama neva ndiyo adui, gego lisilo na neva lingesalimika zaidi. Kumbe ndilo lililoharibika upesi: siku chache tu, sehemu kubwa zaidi ya kiini imekufa kuliko katika magego yenye neva. Jeraha ni lilelile. Kilichopungua ni neva tu. Basi kemikali tunazozilaani kwa maumivu ndizo pia zinazofungulia damu njia na kuwaita askari. Na katika meno ya binadamu, chini ya tundu la kuoza, neva huongezeka pamoja na seli za dendriti, wale walinzi wanaobeba vipande vya bakteria kuwaonyesha wenzao. Vyote viwili hukusanyika pale pale adui anapoingilia.

Mwaka 2021 watafiti walionyesha kwamba odontoblasti, seli zinazojenga dentini (ile sehemu ngumu inayokizunguka kiini), nazo huhisi baridi kupitia mlango uitwao TRPC5, na kwamba eujenoli, kemikali iliyomo katika karafuu, huufunga. Wapemba wanaobana karafuu kwenye jino wanapata nafuu ya kweli bila kuua chochote. Ila tundu linabaki, na bakteria hawasimami.

Kiini kikishakufa na usaha kuanza, sina ubishi: mzizi usafishwe na kuzibwa, au jino litoke. Ninayemtetea ni mgonjwa wa kabla ya hapo. Mwaka 2019 jumuiya ya Ulaya ya wataalamu wa mizizi ya meno ilishauri kwamba, pale kiini kikiwa bado hai, dentini iliyolainishwa na uozo karibu nacho inaweza kuachwa na jino likazibwa vizuri, kuliko kuchimba hadi kukifichua. Kwa hiyo daktari akikuuliza kama maumivu ya maji baridi hukatika mara moja au huendelea kwa muda, jibu kwa makini. Yakikatika mara moja, mara nyingi kiini bado kinaokoleka.