Vitrekta vya mtumba toka Japani: kwenye mpunga sawa, kwenye mahindi sijui

Siku hizi kila mtu anataka katrekta ka mtumba toka Japani, Kubota, Yanmar au Iseki, hizi za horsepawa 15 mpaka 25 hivi, na ukikaona kamepigwa rangi upya kweli unatamani. Wanaonunua nawatetea kwanza. Ukiwa kwenye mpunga wa Mbarali, Lower Moshi au kule Mwea Kenya, trekta kubwa likiingia kwenye jaruba lenye tope linazama, haka kepesi kenye fowili (matairi yote manne yanavuta) kanapita tu na rotaveta yake, yaani visu vinavyozunguka nyuma kuchimba udongo, na dizeli kanakunywa kidogo. Halafu pawatila zile za enzi za Kilimo Kwanza, mpango wa serikali ya Tanzania wa 2009, tusidanganyane, kutembea nyuma ya mashine kutwa nzima matope hadi magotini sio mchezo, hapa angalau umekaa.

Sasa shida ni mtu wa Kiteto au Kongwa anakanunua alimie mahindi na kulimia majirani kwa hela. Udongo mkavu ule unataka uzito, trekta la Massey Ferguson 135 la kizee kabisa linavuta plau pale pale ambapo haka kanaserereka matairi tu. Na rotaveta inachimba juu juu, sentimita 10 mpaka 15, ukirudia misimu kadhaa chini kunakuwa na tabaka gumu, mpunga unapenda maana maji hayapotei, ila mizizi ya mahindi inakwama.

Spea nako wauzaji wanasema nusu ya ukweli. Za injini mara nyingi utapata, maana injini nyingine za Kubota zipo hadi kwenye majenereta, ila gia boksi na ekseli ya mbele za modeli zilizotengenezwa kwa soko la Japani tu utazitafuta sana. Ya Massey fundi yeyote wa wilayani anaijua.

Kwenye kukagua mita ya masaa isikudanganye, inabadilishwa. Shika injini kabla haijawashwa, ikiwa ya moto ujue wameshaihangaikia asubuhi. Chomoa dipstiki ya gia, oili ikiwa rangi ya chai ya maziwa basi maji yameingia, na kwa kitu kilichoishi kwenye tope hilo sio la kushangaa. Nyanyua rotaveta, zima injini, ikishuka fasta haidroliki imechoka.

Matunzo yenyewe sio magumu: grisi kila siku, rejeta isafishwe mapumba, oili ya injini usivushe sana masaa 100. Nyingi gia na haidroliki zinatumia oili moja maalumu, na hapo watu wanamimina oili ya injini kisa ni rahisi. Ila nani atafanya haya? Dereva wa kulipwa kwa heka anawaza heka, grisi haimhusu, kwa hiyo kama hukaendeshi mwenyewe wala haupo shambani mimi ningekwambia ukodishe tu.