Nchi Ikipona, Mimi Naugua

Jamani, kuna watu waliostarehe mwanzoni mwa 2024, na mmoja wao ni mimi. Dola ilikuwa imepanda mpaka karibu shilingi 160. Kila mtu alikuwa akiuliza ile Eurobondi ya Kenya, yaani deni la dola bilioni 2 tulilokopa kwa wawekezaji wa nje, lililotakiwa kulipwa mwezi wa Juni, italipwa na nani. Wachumi kwenye runinga hawakucheka hata kwa bahati mbaya. Na mimi niko zangu Changamwe, Mombasa, mstaafu, kiinua mgongo changu kimelala benki kwenye fiksi, ile akaunti ya kufungia pesa kwa muda upate riba, natafuna kipande cha nguru na kuiombea nchi yangu ipone, lakini isifanye haraka.

Msinihukumu kabla hamjajua hesabu. Desemba 2023 Benki Kuu ilipandisha riba yake, ile ambayo mabenki huitazama wakipanga zao, kwa mkupuo mmoja, kutoka asilimia 10.5 hadi 12.5, na Februari ikaongeza nusu, ikawa 13. Serikali nayo ilikuwa inatafuta pesa usiku na mchana. Kufikia katikati ya mwaka, hati zake za siku 91, ambazo ukinunua unakuwa umeikopesha serikali kwa miezi mitatu, zilikuwa zinalipa kama 16 kwa mia. Sasa benki ingefanyaje? Isipotupa cha kueleweka tunabeba vijisenti vyetu tunaipelekea serikali. Serikali ikiwa na njaa, mstaafu mwenye milioni moja ni mtu mkubwa katika nchi hii.

Ukubwa huo niliuonja. Dada wa benki akiniita "baba". Nilipewa kile kiti kinachozunguka, chai ya maziwa, na kalenda ya ukutani mwezi wa tatu, wakati wenzangu walishaambiwa kalenda zimekwisha tangu Januari. Tukazungumza bei, mtu na mtu, nikakataa 13, akaenda chumba cha ndani, akarudi na 14. Akarudi anatabasamu!

Halafu nchi ikaanza kupona.

Serikali ikakopa nje Februari hiyo hiyo, ikapunguza lile deni la Juni, dola ikateremka, ikafika 129, ikaketi hapo ikakataa kuinuka. Mfumuko wa bei ukashuka mpaka asilimia 2.7 Oktoba 2024. Watu wanapongezana. Nami nikajaribu kupongeza, lakini nikaenda soko la Kongowea kununua vitunguu nikagundua jambo: mfumuko ukishuka, bei haishuki. Bei inapunguza mwendo tu wa kupanda. Riba yangu ndiyo inashuka kwelikweli, na haihitaji kusukumwa.

Agosti 2024 Kamati ya Sera ya Fedha, wale wa Benki Kuu wanaopanga riba, ikapunguza kutoka 13 hadi 12.75. Nikasema robo si kitu, robo hata mchinjaji hakatai kumpunguzia mteja. Kumbe wale ndio kwanza wanapasha misuli. Walipunguza kikao baada ya kikao, vikao tisa mfululizo, mpaka Desemba 2025 ikasoma 9. Na hati za siku 91 mwisho wa mwaka huo zikawa chini ya 8. Kamati hukutana kila baada ya miezi miwili, fiksi yangu ni ya miezi mitatu. Kila nikienda kuihuisha nakuta wameshapita mbele yangu.

Wacha niwaonyeshe karatasi yenyewe, ninayo hapa. Wakati wa 14, milioni yangu kwa miezi mitatu ilizaa 35,000. Mtoza ushuru anachukua 15 kwa mia yake pale pale benki, kabla hujaiona, yaani 5,250, unabaki na 29,750. Hiyo inalipa umeme, maji, dawa za presha za mama watoto, na nguru kila Ijumaa. Karatasi ya juzi ni 7.5. Riba 18,750. Kodi 2,812 na senti 50. Mkononi 15,937 na senti 50. Naomba muitazame hiyo senti 50. Ni lini mara ya mwisho mmeishika senti 50 mkononi? Hata ombaomba wa kivukoni anaweza kukurudishia. Lakini benki wameikata katikati kwa uaminifu mkubwa, nusu ya shilingi yangu kwangu, nusu kwa serikali.

Nikamwendea dada. Chai hakuna, kiti cha kuzunguka amekalia mwingine, nimepewa tiketi nikasubiri kuitwa na spika. Sasa mimi si "baba" tena, ni "mzee".

"Mwanangu, hii 7.5 ni ya mwezi au ya mwaka?"

"Ya mwaka, mzee. Ndiyo hali ya soko."

"Mbona nilipokataa 13 ulienda ndani ukaniombea 14? Nenda tena."

Akaenda, maskini, ana adabu. Akarudi na kalamu yenye nembo ya benki.

Nikamuuliza nikizitoa sasa, kabla ya miezi mitatu kwisha? Akasema riba yote inapotea. Na zikikaa? Zinakaa, lakini hapo nami nikakumbuka kibandiko kilichobandikwa mlangoni: bima ya amana inalinda shilingi 500,000 kwa kila mteja katika kila benki. Maana yake benki ikianguka, nusu ya milioni yangu iko ndani ya nyumba na nusu imelala barazani. Sikusema kitu. Nikatia sahihi kwa ile kalamu, na haikuandika.

Nyumbani ndiko kuna siasa. Kijana wangu alikopa benki akanunua tuktuk. Riba ilipopanda ile Desemba, alipata ujumbe wa simu kabla hajamaliza kunywa uji: mteja wetu mpendwa, riba yako sasa ni 19. Kwa hiyo kila Kamati inapokaa, huku kwetu tunakaa pande mbili za meza. Yeye anaomba ishuke, mimi naomba isishuke, na mama watoto anasema amina kwa wote wawili kwa sababu hataki ugomvi. Mara zote tisa kijana alishinda. Alipiga makofi. Mara moja alileta soda.

Sasa nikamuuliza, wewe uliyeshinda mara tisa, tuktuk unailipia ngapi siku hizi? Akafungua simu. Kumi na tisa. Ile ile. Nikavaa miwani nikaangalia mwenyewe, isiwe mtoto ananificha. Kumi na tisa!

Hebu niambieni. Benki Kuu ikipandisha, kijana anapandishiwa asubuhi. Ikishusha, mimi nashushiwa asubuhi. Siku ya yeye kushushiwa haijulikani, na ya mimi kupandishiwa, mnakumbuka jinsi nilivyobembeleza ile 14. Pesa ni zile zile: natoa mimi kwa dirisha hili kwa 7.5, anapokea yeye dirisha la pili kwa 19. Madirisha yenyewe hayana hata hatua kumi kati yake, na hizo hatua kumi ndizo zinazokula nguru wangu. Wala si maneno ya mzee mwenye njaa tu. Gavana wa Benki Kuu, Kamau Thugge, mwenyewe alitoka hadharani Februari 2025 akayakemea mabenki yashushe riba za mikopo, akasema watatumwa wakaguzi. Labda wakaguzi wako kwenye foleni, wamepewa tiketi.

Majirani hawasaidii. Mmoja aliinunua ile bondi ya miundombinu ya Februari 2024, mkopo wa miaka mingi kwa serikali, asilimia 18.46, haina kodi, na haishuki hata Kamati ikutane kila asubuhi. Pesa zangu wiki hiyo zilikuwa zimefungwa fiksi. Mtu huyo sasa ana tabia mpya: akinisalimia anataja 18.46 kabla ya kuuliza hali. Mwingine, huyu wa kando ya msikiti, miaka yote alikuwa akinionya kwamba riba ni haramu, na nilikuwa nikimkwepa. Juzi nikamwonyesha karatasi. Akaisoma juu chini, akanirudishia. "Hii si riba," akasema. "Hapa wewe umetoa sadaka."

Jumapili kijana akaja na mpango. Kavaa shati la mikono mirefu, nikajua kuna jambo.

"Baba, hesabu ni rahisi. Nimebakiza laki tatu. Nipe wewe, niwalipe benki nimalize, halafu mimi nikulipe wewe kwa 12. Wewe unatoka 7.5, mimi natoka 19. Tunawaacha wale pale na kalamu zao."

Nikakiri kimoyomoyo kwamba mtoto ana akili, na kwamba akili hiyo haikutoka kwa mama yake. Mama watoto alishaacha kuosha vyombo anasikiliza. Kumi na mbili! Nguru wa Ijumaa anarudi. Lakini nimekuwa mteja wa benki kwa muda, nimejifunza vitu viwili vitatu.

"Benki ikitoroka nina bima ya 500,000," nikamwambia. "Wewe ukitoroka nina nini?"

"Mimi mwanao, baba, nitatoroka niende wapi?"

"Mikindani, kama ulivyofanya na pesa za mabati."

Akanyamaza kidogo. Nikamwonea huruma, nikasema basi, hakuna neno, sisi ni watu wa nyumba moja. Lete logbook ya tuktuk, ile hati ya umiliki, niiweke kwenye sanduku langu, pesa utazipata fiksi ikiiva.

Akajikuna. "Logbook," akasema, "iko benki."